Hita ya mafuta ya taa, udi wa mama mkwe na mtoto aliyesifiwa kwa utulivu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninayoyaandika yametokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje. Kichwa changu bado hakijakaa sawa, kwa hiyo nikiruka mahali mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Birmingham, mtaa wa Winson Green, kwenye nyumba zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kazi yangu iko Hockley, karakana ya kung'arisha vyuma.

Baridi hii ilipoanza mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Nassor. Mama mkwe akapanda ndege kuja kumlea mzazi.

Waliooa kwetu mnaelewa. Mpaka arobaini iishe mzazi hatoki. Anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, anafukizwa udi, na upepo haumgusi.

Wiki hiyo hiyo boiler, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ikafa. Kila nikimpigia landlord ananiambia fundi anakuja kesho. Hiyo kesho mpaka leo naisubiri.

Jirani yetu Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi, akatuazima hita ya mafuta ya taa. Ile ya utambi, ndugu yake jiko la mchina. Akaniwashia mwenyewe na kunionya:

"Bro, hii kitu ukiwasha, window iwe open kidogo. Usisahau, sawa?"

Sikusahau. Niliacha dirisha wazi, upenyo wa vidole tu. Mama mkwe akaingia, akalifunga. Nikalifungua. Akalifunga tena, na safari hii akasokomeza taulo kwenye nyufa.

"Baba, mzazi akipigwa na upepo sasa hivi utamuuguza mpaka uzeeni. Ndo unavyotaka?"

Wakuu, nani humu anaweza kubishana na mkwe wake mambo ya uzazi? Ajitokeze nimpe mkono. Mimi nililiacha limefungwa, na chumba kikawa na joto tamu kwelikweli.

Shida ikawa harufu ya mafuta. Dawa ya mama mkwe ikawa ni kuzidisha udi. Kila jioni chetezo kinawekwa makaa, chumba kizima kinanukia kama cha bi harusi.

Na kila jioni alarm ndogo nyeupe iliyokuwa juu ya kabati inapiga kelele. Tuliikuta humo tulipohamia, mimi nikajua ni ya moshi. Mama mkwe anaibonyeza, inanyamaza, baadaye inaanza tena.

Mwishowe akaivingirisha kwenye kanga na kuitia kwenye droo ya nguo za mtoto.

"Hichi kidude hakijazoea udi," akasema. Tukacheka wote.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kutoelewa mambo.

Mke wangu akawa anaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Tukasema uchovu wa uzazi. Mama mkwe naye kichwa. Tukasema baridi ya ugenini. Mimi nikiwa kazini niko fresh kabisa, nikirudi nyumbani nikikaa chumbani kidogo tu, kichwa kinagonga.

Mke wangu akanitania, "Kwani ukituona sisi ndo unaumwa?"

Na ilikuwa kweli! Nikaanza kujiuliza labda sijawa tayari kuwa baba.

Mama mkwe yeye alishapata jibu lake: hasadi. Watu walikuja wengi kumtazama mtoto, wengine hawakusema mashaallah. Kwa hiyo akaongeza na ubani juu ya udi, na makaa nayo yakaongezeka.

Na mtoto? Mtoto alilala. Ukimwamsha anyonye, ananyonya kwa tabu, analala tena. Wageni wote walimsifia. Mtoto mtulivu, hasumbui, mmebahatika. Mimi mwenyewe kazini nilikuwa najigamba kwamba wa kwangu halii.

Jumamosi moja udi ukaisha. Nikatumwa Alum Rock kununua mwingine. Nipo ukumbini navaa viatu, nikasikia kelele kutoka kwenye ile droo.

Nikarudi chumbani. Chetezo kimekaa pembeni, cha baridi. Makaa hayajawashwa tangu jana. Sasa hiki kidude kinalilia nini?

Nikakitoa kwenye kanga na kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi madogo nyuma yake. Hayakutaja moshi popote. Yalitaja carbon monoxide, ile gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Nikaitazama hita. Inawaka vizuri, haitoi moshi. Nikamtazama mke wangu, kajiinamia kitandani kashika kichwa. Nikamgusa mtoto shavuni, hakuamka. Nikamnyanyua, mwili wote umelegea.

Nikazima hita, nikapiga kelele tutoke nje wote.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Nje barafu! Arobaini haijesha! Utaniulia mwanangu!"

Wakuu, nasema kweli, pale niliganda. Sikujua kipi kinaua, baridi ya nje au joto la ndani. Huyu mama kalea wazazi wangapi? Na mimi nina nini zaidi ya kidude kinachopiga kelele mkononi?

Mke wangu akajaribu kusimama. Magoti yakakataa, akaanguka.

Mama mkwe akamtazama pale chini. Akanipokonya mtoto, na aliyeizuia njia ndiye akawa wa kwanza kutoka, pekupeku, kanga moja tu. Mimi nikambeba mke wangu nyuma yake.

Nikapiga simu ya ambulance huku meno yanagongana. Nassor kimya. Mama mkwe anamsugua mgongo, anamwita jina lake, anamwita tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Halafu mtoto akalia. Akalia mtaa mzima ukasikia, na bibi yake akakaa kwenye ngazi ya mlango akalia pamoja naye.

Hospitali walitupima damu, wote tulikuwa nayo hiyo sumu, tukawekewa oksijeni. Daktari akatueleza kwamba mafuta yakiungua kwenye chumba kilichozibwa hewa inaharibika, na makaa ya udi yanaongeza hiyo hiyo gesi. Maana yake alarm haikudanganya hata jioni moja. Hata zile jioni tulizocheka.

Somo wakuu: hita ya mafuta isiwake kwenye chumba kilichofungwa, wala msilale nayo. Alarm ikilia, tokeni kwanza, ubishi baadaye. Na mkiona kichwa kinapona mkitoka nyumbani, muwe na wasiwasi na nyumba.

Lakini kuna kitu bado kinanichanganya. Dirisha lilifungwa kwa mapenzi. Udi uliwashwa kwa mapenzi. Hakuna aliyemtakia mtoto mabaya mle ndani. Nimlaumu nani? Kama kuna aliyepitia haya anisaidie kuelewa, na wenye wazazi wa arobaini ndani baridi hii semeni mnafanyaje.

Siku hizi udi unafukizwa uani na alarm imerudi juu ya kabati, haina kanga.

Nassor kawa msumbufu balaa. Hata sasa naandika analia, jirani anagonga ukuta. Nimenyanyuka nimbembeleze, mama mkwe kanishika mkono.

"Muache alie, baba. Alie tu."