Mgonjwa wa Alhamisi

Asubuhi yao ya mwisho mke alimpa mumewe sindano amtungie uzi. Mke alikuwa fundi cherehani, mume fundi viatu, kibaraza kimoja.

"Tundu hili hulioni?" mume akamtania.

"Na wewe Alhamisi huioni. Keshokutwa kliniki, mzee."

Mchana presha ikampanda mke. Jioni akafariki.

Kliniki yenyewe ni ya magonjwa ya akili, katika hospitali kubwa ya serikali. Miaka minne nyuma fundi viatu alikosa usingizi, akawa analia juu ya viatu vya watu. Zahanati ikamwandikia rufaa kwa daktari bingwa. Kwa aibu, akaificha barua chini ya godoro miezi miwili. Mkewe akaitoa, akaipiga pasi, wakaenda.

Wako kwenye benchi mlangoni mwa kliniki, akapita jirani yao, mama muuza mkaa, kaja kumwona mgonjwa wake wodini.

"Heh! Mlango huu mnafuata nini?"

Mume akainama kama mwizi. Mke akacheka. "Ni mimi, jirani. Kichwa kimenigomea. Mzee kanisindikiza tu."

Basi mtaani kichaa akawa yeye. Wateja wengine wakaogopa kumwachia vitambaa, wakisema atawashonea gauni la mikono mitatu.

"Njoo nayo mitatu, nitakushonea," akawajibu.

Mume akapata nafuu, kwa dawa na kwa kuongea na daktari. Ila hilo moja, kwamba mgonjwa ni yeye, mtaani hakulisema. Hata msibani, majirani walipoguna, "Maskini, kichwa kilimtesa," alitazama chini.

Alhamisi ikafika. Dawa zimebaki za siku mbili. Akavaa shati aliloshonewa na mkewe, akashika kadi, akatoka. Njia ni moja tu, mbele ya muuza mkaa.

"Pole, shemeji. Unarudisha kadi ya marehemu?"

Angeitikia tu, angepita. Na mkewe angebaki kichaa wa mtaa, milele.

"Kadi ni yangu," akasema. "Mgonjwa ni mimi. Tangu siku ile ni mimi."

Kopo la kupimia mkaa likamtoka mama wa watu mkononi. "Sasa mbona yeye alisema..."

"Nilimuuliza hivyohivyo, tukiwa njiani kurudi."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Maneno ya watu kwangu mepesi, mzee. Acha niyabebe mimi kwanza. Ukipata nguvu, utanipokea.'"