Treni Yaacha Reli

Kinyozi mmoja, mwembamba kama kitana chake, alikuwa na desturi ya kukimbia kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Njia yake ilikuwa ileile tangu aoe: anatoka mlangoni, anapita gereji, anafuata ua wa shule hadi kwenye tangi la maji, analizunguka, anarudi. Mlinzi wa gereji alimwita Treni kwa kuwa hakuwahi kuacha reli, na jina likamganda. Mwenyewe hakuudhika. Aliipenda njia yake jinsi mtu anavyopenda shati kuukuu, lile ambalo vifungo vyake huvifunga gizani bila kukosea.

Nyumbani aliishi na mkewe, ambaye ni muuguzi, na mama mkwe wake, aliyehamia kwao kwa sababu ya magoti. Magoti yale yaliheshimiwa kuliko mtu yeyote mle ndani. Kwa ajili ya magoti hayo kiti chenye mto kilikuwa cha mama peke yake, chai ilimfuata alipo, na sufuria hakuigusa tangu alipoingia. Baadhi ya siku alitoka alfajiri akijikongoja, kwenda kukandwa na shoga yake. Alirudi ametota jasho. Binti yake alieleza kwamba hiyo ni dalili kuwa dawa ya kuchua inapenya, na muuguzi akishasema, kinyozi atabisha nini?

Sasa ikawa asubuhi moja Treni akakuta barabara imechimbwa mtaro wa mabomba, kutoka ukuta hadi ukuta. Mlinzi wa gereji akamshauri ashike uchochoro wa kushoto. Treni alisita kama mtu aliyeambiwa avae kofia ya jirani, maana miaka yote ile hakuwahi kutia mguu mle. Kisha akaingia.

Ulikuwa uchochoro mtamu ajabu. Uliteremka kidogo, basi miguu ikawa inakwenda yenyewe bila kuombwa. Kiwanda cha mikate kilitoa harufu iliyomfanya apunguze mwendo ili aivute vizuri. Juu ya gari bovu alisimama bata, akamtazama kwa dharau kama mkaguzi wa tiketi. Treni akajikuta anacheka peke yake.

Kwenye kona akaona wanawake watatu wanakimbia mbele yake. Kule kwenye njia yake hakuwa na wa kushindana naye ila mbuzi wa shule, kwa hiyo aliamua kuwapita. Akakaza. Nao wakakaza. Aliyeongoza alikuwa mnene kiasi, miguu inapiga chini kama cherehani, na alivaa raba za bluu zenye kamba moja nyeupe na moja nyeusi. Treni aliwahi kuwa na raba kama hizo. Zilipopotea, mama mkwe ndiye aliyelaani wezi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alipomfikia, adabu ikatangulia akili.

"Shikamoo, mama," alisema huku anatweta.

Mama aligeuka, na papo hapo akaanza kuchechemea mguu wa kushoto. Kisha akakumbuka kuwa nyumbani huwa unauma wa kulia, akabadilisha.

"Marahaba, mwanangu. Usisimame, tutapoa."

Mashoga zake wakajitenga mbele, mabega yakitikisika kwa kicheko. Treni na mama wakaendelea, mmoja akikimbia, mwingine akichechemea kwa kasi ileile. Mwishoni mama akachoka kuigiza.

"Yalipona zamani," alisema. "Lakini mwanangu, nimepika tangu sijaota meno ya ukubwa. Nikisema nimepona, kesho nitakabidhiwa mwiko. Niachie niugue kidogo."

Treni alimwonea huruma, na tena mkwe ni mkwe. Akaapa kunyamaza. Raba hakuziulizia.

Mtaro ulipofukiwa alirudi kwenye njia yake, akaiona kama mpya. Mlinzi alimlalamikia kwamba tangu Treni apotee, yeye mlinzi amekuwa akichelewa kuamka. Ila mguu ukishaonja haukatazwi: siku nyingine tangi la maji, siku nyingine uchochoro na mama. Akawa anarudi nyumbani anatabasamu ovyo, na tabasamu la mume lisilo na sababu halijawahi kumtuliza mke. Siku yake ya mapumziko mkewe akafunga kamba za viatu, akasema twende wote. Treni akaelekea kwenye gereji. Mke akaelekea uchochoroni, akidai amesikia kuna mikate, na Treni ikabidi amfuate.

Walikutana na mama uso kwa uso mbele ya kiwanda, akipanda kwa kasi akiwa mbele ya mashoga zake. Safari hii alichechemea miguu yote miwili kwa pamoja, jambo ambalo hata kitabibu haliwezekani, akabaki anarukaruka kama chura. Binti yake alimtazama kuanzia kilemba hadi raba. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anakagua kucha zake. Kisha akaketi ukingoni mwa barabara akacheka mpaka machozi.

Kesi ilisikilizwa mezani. Mama alikubali kupika mara moja kwa juma, kwa sharti kwamba asiulizwe chumvi. Kiti hakukitoa, akasema kiti hakina uhusiano wowote na magoti, ni suala la umri.

Sasa hukimbia watatu muuguzi asipokuwa zamu. Juzi walibishana njiani. Treni alitaka tangi, mama alitaka mikate, muuguzi akawavuta kwenye kijia ambacho hakuna aliyekijua. Kiliwaingiza moja kwa moja katika ua wa mtu, na mwenyewe yupo pale kifua wazi, anapiga mswaki. Wakamwamkia. Yule bwana hakuweza kuitikia kwa povu, ila aliwanyooshea mswaki kuwaonyesha mlango wa nyuma, wakapita mmoja mmoja, mama akitangulia.