Mizani Iliyokufa Kila Adhuhuri

Hafidha naishi naye nyumba moja hapa Nachingwea, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na sijapata kuona mtu anayechoshwa hivyo na kazi ya kukaa. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu kwa kifupi kwamba anashughulikia vikompyuta vya mizani kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu, majibu ya mkato yananiudhi, nikamchokoza mpaka akanieleza. Ndani ya kikompyuta kuna kerneli, programu inayotawala vifaa vyote. Ndiyo inayoamua kila kifaa kipate umeme lini na saa yake ianze kupiga lini. Saa hiyo haihusiani na ya ukutani. Ni mapigo tu, mamilioni kwa sekunde, na kidhibiti cha tundu la USB kikiyakosa hakisikii chochote, hata mizani iliyochomekwa hapo.

Msimu wa korosho ulipoanza, mizani ya ghala moja la Matambarale, kule Ruangwa, ikawa inakata mchana. Karani wa mizani ile alikuwa baba yake Hafidha, Mzee Bashiri. Ukiizima na kuiwasha inarudi, lakini pale wana utaratibu wao: mizani ikifa katikati ya upimaji, mzigo wote wa siku unaanza upya, tangu gunia la kwanza, mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo watu walibeba magunia yaleyale tena na tena, migongo ikauma, wakatafuta wa kumlaumu. Wakasema Bashiri anachezea waya ili awapunje.

Hafidha aliweka mizani nyingine ya aina ileile mezani kwake, akawa anapandisha na kushusha mfuko wa mchele siku nzima. Haikukata hata mara moja. Wenzake wa Dar wakamwambia kwao pia inafanya kazi vizuri, kana kwamba hilo ni jibu. Alikuwa halali vizuri, hali vizuri, na baba yake kwenye simu alikuwa hana maelezo zaidi ya kusema inakata tu.

Jumamosi nikamsindikiza Matambarale. Tulimkuta Mzee Bashiri nyumbani, amekaa kwenye kiti na shati lake la kazini. Asubuhi hiyo Jamali, mwenyekiti wa chama cha ushirika, alikuwa amemwambia apumzike kwanza. Lugha ya heshima hiyo, lakini mzee alielewa amefukuzwa, na uso wake ulikuwa umeanguka.

Hafidha akamwomba asimulie siku yake ghalani inavyokwenda.

"Tunapima mpaka adhuhuri," alisema. "Wote tunakwenda kuswali. Mimi nabaki nyuma kidogo, naifunika mizani shuka, isiingie vumbi. Tukirudi, imekufa."

Hafidha akafumba macho. Yeye na watu wa Dar hawakuwahi kuiacha mizani ikae bure muda mrefu hivyo. Kerneli ikiona tundu halitumiki, huzima saa yake ili kuokoa betri ya sola. Kazi ikirudi, kerneli ilikuwa inakiamsha kidhibiti kwanza, halafu ndiyo inawasha saa. Kidhibiti kinaamka bila mapigo, kinanyamaza jumla. Akafungua kompyuta yake palepale barazani na kugeuza mpangilio: saa kwanza, itulie, kidhibiti kifuate. Akaujaribu kwenye kikompyuta alichokuja nacho. Tukanywa chai taratibu, akakigusa, kikaamka.

Alikwenda ghalani karibu anakimbia, nami nyuma yake. Jamali akamruhusu, naye Hafidha akachomoa kadi ya zamani yenye kerneli ile, akaweka mpya kabla ya adhana. Watu wakaenda kuswali. Waliporudi, gunia likapandishwa na namba ikatokea, na la pili vilevile. Nilitaka kupiga makofi.

Ndipo mkulima mmoja wa Chinongwe, Harithi, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mnaona? Bashiri hayupo, mashine haina tabu."

Watu wakacheka. Hafidha akaanza kuwaeleza habari za saa na kidhibiti, nao wakamtazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama Ijumaa mchana. Mwingine akadakia kwamba mtoto amekuja kufuta alichofanya baba. Niliona hasira, lakini kwa macho yao ushahidi ulikuwa umekamilika. Hafidha angechelewa kutengeneza siku moja tu, mashine ingekufa mzee hayupo, ikamtetea yenyewe.

Mzee Bashiri alikuwa amefika getini na amesikia yote. Hafidha akamfuata na ile kadi ya zamani mkononi.

"Baba, nairudisha hii. Wakiacha kupima kidogo tu, itakufa mbele yao, na wewe hujaigusa."

Mzee akatazama yale magunia yaliyokwisha kupimwa, rundo refu kufikia dirisha, na akina mama waliokaa chini wakisugua mabega.

"Ikifa, si wanaanza upya?"

"Ndiyo, baba."

"Basi iache."

Hafidha alilia palepale, hakujificha. Akamwambia watamwita mwizi msimu mzima, na msimu ujao, na hata akifa.

"Waseme wakiwa makwao," alisema Mzee Bashiri. "Hawa watu wamebeba vya kutosha, mwanangu."