Ndoo Thelathini Zilizostawi

Katika maisha yangu nimeona mtu mmoja tu akilia kwa sababu mahindi yamestawi, naye ni Gentrix Awinja. Alisimama katikati ya ndoo sitini nyumbani kwa mama yake, kijijini Khwisero, mahindi yamemfika kifuani, kijani kibichi kila upande, akalia hadi jirani akachungulia uani kuuliza kama kuna msiba. Mama yake akamjibu kwa fahari kwamba binti analia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa kukatia majani, sikujua niuweke wapi.

Naitwa Shikanga, fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kakamega. Kazi yangu ni kuosha chupa, kuwasha mitambo na kuwavumilia wanafunzi, na nimewavumilia miaka ishirini na mitatu. Wengi huja, huvunja vioo, huondoka na shahada bila hata kuaga. Gentrix hakuvunja kitu, na kila jioni aliniaga. Kwa hiyo nilimpenda, ingawa sikumwambia, maana ukimsifu mwanafunzi leo, kesho anachelewa.

Alikuwa mwaka wa nane wa shahada ya uzamifu. Asubuhi alifundisha kemia katika shule moja ya kutwa upande wa Lubao, alasiri anakuja kwangu na chaki bado kwenye vidole. Chuo kilikuwa kimemwandikia barua isiyo na huruma: asipowasilisha kazi yake kufikia mwisho wa Aprili, jina lake linafutwa, na miaka minane inakuwa kana kwamba hakuwahi kupita mlangoni. Barua hiyo alitembea nayo mkobani. Alikonda mpaka koti la maabara likawa linamning'inia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na mimi si mwepesi wa kusema hivyo. Alikuwa anatengeneza chembe za zinki ndogo kupita kiasi, ndogo hata darubini yetu ya kawaida haizioni. Wengine huzitengeneza kwa kemikali kali na joto la kutwa nzima. Gentrix alitumia maua amalulu, ile mimea michungu yenye maua ya njano inayoota kwenye kila ua hapa kwetu na ambayo hata mbuzi huiacha. Anaroweka majani katika maji ya moto, anachuja, anachanganya na chumvi ya zinki, kisha anachoma mashapo yake kwenye tanuri. Mwanzoni alipata unga wa kujaza kijiko kimoja kwa siku, na umeme ukipotea anapata masizi. Alihangaika miaka mitatu. Mwishowe akagundua kwamba majani yakichumwa kabla ya ua kufunguka, na maji yasipofika kuchemka, unga unatoka mara nne zaidi, kwa nusu ya muda wa tanuri. Siku hiyo alinikumbatia nikiwa na ndoo ya maji machafu mkononi.

Kilichobaki ni kuonyesha unga huo unafanyia mahindi nini. Alileta udongo kutoka shamba moja la Mautuma ambako mahindi hutoa majani yenye mistari myeupe kwa kukosa zinki. Ndoo sitini za plastiki, mbegu ya aina moja, udongo mmoja. Thelathini anazipulizia maji yenye unga wake, thelathini anaziacha hivyo hivyo. Zilizoachwa zilipaswa kudumaa na kupiga mistari. Bila hizo thelathini mbovu, hizo thelathini nzuri hazina maana yoyote, kwa sababu huwezi kujua zimekuwa nzuri kwa ajili ya nini.

Mvua ya mawe ya Novemba ikararua karatasi ya kitalu cha chuo, na pesa za kununua nyingine hazikupatikana. Gentrix akahamishia ndoo zake Khwisero, chini ya kibanda alichokijenga na mama yake. Ndoo zilihitaji maji yasiyo na kitu ndani. Mtambo wetu wa kugeuza maji kuwa mvuke na kuyapoza tena hutoa lita nne kwa siku ukiwa na hali nzuri, na hauna hali nzuri. Yeye alihitaji lita kumi na tano.

"Mzee Shikanga, si nitumie tu maji ya mvua?" aliniuliza. "Mama ako na tangi limejaa."

Nikamwambia hayo ndiyo maji safi kuliko yote. Sisi sote hapa tumelelewa na maji ya paa. Mgeni akija anapewa ya mvua, mtoto akizaliwa anaogeshwa ya mvua. Nani angeyashuku?

Basi kuanzia Januari mama yake alimwagilia, kila ndoo kikombe kimoja, asubuhi kwa asubuhi, wiki kumi. Na siku ya kuvuna, ndoo zote sitini zilikuwa sawa. Hakuna mstari mweupe hata mmoja.

Tulipima majani. Yale yasiyopuliziwa yalikuwa yamejaa zinki. Gentrix aliyasoma majibu mara tatu, kisha akanigeukia, macho mekundu.

"Mzee, vyombo vyangu uliviosha na nini?"

"Na sabuni, kama miaka yote."

"Basi hii zinki imetoka wapi? Kama si vyombo ni nini? Wewe ndiye unashikanga kila kitu hapa!"

Nilipandwa na hasira. Miaka ishirini na mitatu, halafu nisingiziwe uchafu na mtu niliyemchemshia majani kwa mikono yangu! Nilivua koti nikaenda zangu nyumbani. Lakini kesho yake nilirudi alfajiri, nikapima kila kitu, ili nimwaibishe. Nikapima sabuni, tindikali, vyombo, udongo wa Mautuma. Vyote safi. Nikapanda pikipiki mpaka Khwisero. Mama mwenyewe hakuwepo, alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Nikachota maji ya tangi, na kwa kulinganisha nikachota ya chemchemi iliyo bondeni pia.

Nilipoinua macho kutoka kwenye bomba la tangi niliona paa. Mabati mapya, yanang'aa. Gentrix ndiye aliyemwezekea mama yake, mwaka uliopita, na Khwisero nzima ililizungumzia. Mabati hayo hupakwa zinki ili yasishike kutu. Kila tone la mvua lilikuwa limepitia hapo. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Mtambo wa kupimia wa maabara ulinithibitishia tu nilichokuwa nimeshajua.

Nilimwambia polepole. Hakulia. Alisema, "Paa langu," basi, kisha akaniomba msamaha kuhusu vyombo. Ningefurahi kama angenitukana, maana na mimi niliyapitisha maji yale.

Daktari Jeruto, msimamizi wake, mama mkali lakini wa haki, alikwenda mbele ya kamati kuomba msimu mmoja zaidi. Miezi mitatu tu, alisema, makosa yamejulikana, kazi ya kutengeneza unga ni ya kweli. Alirudi na karatasi akaiweka mezani bila kukaa.

"Wamekataa, Gentrix. Wanasema kila mtu akona sababu."

"Nimekwisha, Daktari."

"Pole, mama. Nimejaribu."

Jumamosi yake tulikwenda Khwisero kumwambia mzazi. Gentrix hakutaka kwenda peke yake. Njiani alinishika mkono wa shati kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

Mama alikuwa ametuandalia. Ingokho, kuku mzima, na ugali wetu wa obusuma unatoa moshi, kitambaa cheupe juu ya meza.

"Kalibuni, kalibuni! Nilijua mtakuja na habari nzuri."

Gentrix alimweleza yote, taratibu, akishika kiganja chake. Kwamba maji ya paa yana zinki. Kwamba mahindi yasiyopewa dawa yaliinywa kila asubuhi. Kwamba jina lake linafutwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, uso umemkauka. Kisha akanyoosha kidole kwenye mtungi uliokuwa pembeni, wenye maji ya rangi ya chai hafifu.

"Mimi sikuguza tangi," alisema. "Kiangazi kilikuwa kikali, nikaona maji yako yataisha kabla ya mahindi. Wiki kumi nimeshukanga bondeni kuteka yangu, ya kunywa, ya kupika. Ile ya mvua nikakuachia yote. Sasa nambie, hii ya chemchemi ingeharibu mahindi?"

Gentrix alinitazama. Chupa ile ya pili niliyoipima, ya chemchemi, haikuwa na zinki hata chembe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mama alikuwa anangoja, na binti hajawahi kumdanganya. Nikatikisa kichwa kwamba la.

"Haingeharibu, mama," Gentrix akasema. "Hiyo ndiyo ingefaa."

Mama akarudisha mkono wake, akaanza kulisugua goti lake lililovimba kwa kushuka na kupanda bonde lile, na chakula kikapoa pale mezani.