Niliambiwa nilitafute jumba la kwenye kalenda ndipo nipewe mke

Wakuu, heshima yenu.

Jana nimesoma uzi wa watu waliosumbuliwa na wakwe, nikacheka peke yangu kwenye metro mpaka Mzungu wa pembeni akahama siti. Sasa na mimi nimwage ya kwangu.

Humu hakuna chumvi. Mhusika mwenyewe yuko jikoni anakaanga, nikiongeza neno atanisuta.

Ilikuwa 2009 hivi, niko Brussels, nimepanga Anderlecht, kazi yangu kutengeneza friji za madukani. Mimi mtu wa Morogoro. Mji huu sina mjomba, sina shangazi, sina hata mtu wa mtaani kwetu.

Nikampenda binti wa Kirundi, Aziza. Kwao ni Buyenzi, Bujumbura, Waislamu wenzangu, walikuja huku kama wakimbizi wakati wa vita. Mama yake alikuwa na kiduka cha vitenge karibu na Porte de Namur. Baba hayupo, alishatangulia.

Sasa posa. Wote mnajua posa hupelekwa na wazee. Mimi wazee ningewatoa wapi? Nikajipeleka mwenyewe dukani, nimepiga suti, boksi la tende mkononi.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho huku akimkatia mteja kitenge. Mteja alipotoka akasema, "Bon. Wewe Mtanzania, sikufukuzi. Lakini sikujui, na hapa hakuna muntu wa kuniambia wewe ni nani. Alors, nitakupa kazi."

Kazi yenyewe ndiyo hii.

Kule Buyenzi, marehemu mume wake alitundika sebuleni kalenda ya Kijerumani aliyopewa na duka la spea za magari. Ilikuwa na picha ya jumba jeupe, minara mitatu, maji yamelizunguka pande zote, na kadaraja ka mawe. Mwaka ukaisha, mwingine ukaja, nao ukaisha, kalenda haitolewi.

Kila jioni mzee anaitazama anauliza, hivi mule wanakaa watu gani? Wanapika wapi? Wanaota moto wapi? Akamwahidi mkewe kwamba siku moja wataenda wapige hodi wajionee.

Vita ikaja, mzee akauawa. Familia ikakimbia, kalenda ikabaki ukutani.

"Unitafutie hiyo nyumba," mama akaniambia. "Unipeleke. Kisha tutaongea mambo ya Aziza."

Jina la jumba? Halijui. Mkoa? Ujerumani. Basi.

Aisee, Ujerumani majumba ya zamani ni kama utitiri! Kila nikitoka kazini nazama internet, naprinti picha, nampelekea dukani. "Siyo." Nyingine. "Hii minara ni minne." Nyingine. "Hii haina maji." Nyingine. "Hii ni kanisa, wewe, unanichezea?"

Ila niwaambie kitu. Nilianza kwa ajili ya mke, katikati nikanogewa mwenyewe. Nikajua kuna ngome zilizojengwa kwa vita, juu kilimani, kuta nene zenye vitundu vya kurushia mishale. Na kuna makasri ya starehe, chini bondeni, bustani na vioo kila mahali.

Kuna siku nilisahau kabisa habari za posa, niko bize nasoma vyoo vyao. Wakuu, choo kilikuwa kijumba kinachoning'inia nje ya ukuta, mzigo unadondoka moja kwa moja mtaroni. Seriously! Bwana mkubwa mwenye jeshi lake anakaa pale upepo unampiga chini kwa chini.

Tuendelee.

Siku moja mama akaishika picha moja, akaisogeza mlangoni penye mwanga. "Inafananafanana," akasema.

Kwangu ilitosha. Location ni ng'ambo kidogo tu ya mpaka, vilimani, ukishapita Aachen. Nikaazima Opel ya jamaa wa Bukavu ninayefanya naye kazi, nikatangaza safari Jumamosi.

Asubuhi mama akatoka na hotpot kubwa ya sambusa imefungwa kitambaa, na kitenge kipya ndani ya mfuko. Nikajua tumeshiba njiani. Tulipoipita Liège nikasema, mama, tuonje basi moja moja. Akanichapa kikofi. "Hii ni ya wenye nyumba. Utaingia kwa watu mikono mitupu?"

Kumbe nilijiponza mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia kwamba ukoo wenye lile jumba bado unaishi humohumo, orofa ya juu. Mimi nililisoma kwenye website kama maelezo ya watalii, nikapita. Yeye akaenda kukaanga sambusa.

Aziza akajaribu. "Maman, ni museum. Watu wananunua tiketi."

"Et alors? Tiketi ni ya kuangalia. Kusalimia hawauzi."

Tukaiacha barabara kuu, mashamba, ng'ombe, kona, kona, mara hilo hapo. Jeupe. Minara mitatu. Maji, na bata juu yake.

Mama akashuka, akasimama kwenye daraja, akaangalia weee. Mwisho akasema, "Siyo yenyewe."

"Mama, angalia vizuri..."

"Daraja la kalenda lilikuwa na simba wawili wa mawe. Na mlango ulikuwa upande wa huku. Nimeangalia ile picha miaka na miaka, mwanangu. Siyo."

Miezi yote ile, bure, na Aziza ndiyo basi. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, basi mama, turudi.

Akanishangaa. "Turudi wapi? Si tumeshafika kwa watu? Leta hotpot."

Ndani, mlangoni, kuna kapu la masapatu makubwa ya kitambaa kizito. Watalii wanayavaa juu ya viatu wasichubue sakafu. Mama alishavua vyake zamani, kavipanga ukutani, yuko na soksi. Dada wa tiketi anamwonyesha masapatu, mama anamwonyesha viatu vyake pale ukutani. Wakapigana ishara hivyo mpaka dada akakata tamaa.

"Mwambie tunaomba kumsalimia mwenye nyumba," mama akaniambia.

Kijerumani changu cha kuungaunga. Nikasema tunataka kuonana na mwenye jumba. Yule dada akabadilika sura, akauliza kuna tatizo gani.

Hapo nikajifunza: kwa wenzetu, mgeni akimtaka mwenyewe, ujue kaja kulalamika. Nikamwambia hakuna tatizo lolote. Ndiyo kwanza akazidi kuogopa! Akanyanyua simu. Nyuma yetu foleni ya wazee wa Kijerumani wenye kamera shingoni imeanza kunong'ona.

Aziza akasema anaenda chooni. Nilivyomwona anavyotembea, nikajua huyu harudi.

Kiukweli nilitamani nimfuate. Aibu ilikuwa imenipanda mpaka masikioni, na hotpot nzito inanikata viganja. Nikamtazama mama, mfupi yule, kasimama na soksi juu ya marumaru, kitenge kakikumbatia kifuani. Nikaona hapana, simwachi peke yake hapa hata iweje.

Ngazini akashuka bibi mmoja mzee, sweta limefumuka kiwikoni, miwani juu ya nywele, uso wa mtu aliyejiandaa kugombezwa. Bahati nzuri Kifaransa anakijua.

Mama akampa mkono wa kulia, kwa wa pili akakishika kiwiko chake kwa adabu. Akamwambia, "Madame, mimi natoka Bujumbura. Bwana wangu alikuwa na hamu sana ya kujua watu wa nyumba kama hii wanaishi namna gani. Hakujaliwa. Nimekuja mimi." Akampa kitenge.

Halafu ikaja zamu ya utambulisho. Wakuu, mnajua kwetu ilivyo. Husimami mbele ya mwenye nyumba na watu wasio na majina. Kila uliyekuja naye unamtaja ni nani wako. Mama akaninyooshea mkono, akasema bila hata kusita, "Et lui, c'est mon gendre."

Huyu ni mkwe wangu.

Nusura sambusa zote ziende chini.

Bibi akafunua hotpot, akala moja palepale amesimama. Pilipili ikamkamata, machozi yakamtoka, akachukua ya pili. Kisha akatuambia tumfuate juu.

Na huko juu, sikutegemea. Jumba lote lile, yeye anaishi vyumba vitatu. Jikoni meza ya plastiki, jiko la umeme, hita ndogo ya magurudumu anayoivuta kila anapohamia. Vyumba vingine baridi haikaliki, na mvua ikinyesha anakinga ndoo. Mama akauliza maswali yote ya marehemu. Mnapika wapi? Mnaota moto wapi? Bibi akajibu yote, na yeye akauliza ya Buyenzi. Kumbe naye ni mjane. Wakashikana mikono mezani, mimi nikajifanya naangalia bata dirishani.

Tulipoaga, hotpot ilirudi imeoshwa na imejazwa plamu za bustanini. Mama akanigeukia. "Umeona? Ni watu kama sisi."

Aziza tulimkuta kwenye gari, kajikunyata siti ya nyuma.

Tulipokaribia Liège nikajikaza. "Mama, lile neno ulilosema pale..."

"Nyumba hukuipata, Mtanzania."

"Sikuipata, mama."

Akala plamu moja, polepole, akaitema kokwa kwenye leso. "Binti yangu wa kumzaa alikimbia akajificha garini. Wewe ulibaki na mimi, na mzigo unakukata mikono. Hivyo nimekujua. Donc, neno nimeshalisema mbele ya mwenye nyumba, sitarudi kumwambia nilimdanganya. Tafuta shehe, mwanangu."

Aziza nyuma analia na kucheka. Mimi niliipita exit ya Brussels, nikaja kushtuka tuko mbali kweli.

Nilichojifunza, ndugu zangu: ukipewa kazi na mkwe, ujue anaangalia mengine kabisa. Na ukienda kutalii majumba ya watu, uliza wanapika wapi. Utaambiwa mengi kuliko ya kwenye audio guide.

Haya, na nyie mlipewa mitihani gani? Mwageni hapa, tusicheke wachache.

Na wale wa "bila picha ni porojo", picha ipo moja tu, postcard ambayo yule bibi alitutumia. Mama kaitundika sebuleni kwake. Mgeni akimuuliza kama ndilo lile jumba la kalenda ya marehemu, anajibu vilevile kila siku: "Siyo yenyewe. Lakini mwenye nyumba namjua."