Damascène na Mashine Iliyokataa Kuamka

Mimi sikumpenda Damascène Habarurema tangu siku aliyoingia ofisini kwetu Goma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache mimi humtazama mara mbili. Kila saa nne asubuhi alitoka kwenda uani na simu, akaongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, akarudi macho mekundu. Kwao ni Rutshuru. Mwezi ule wa Novemba 2022 waasi, wengi wao wa lugha hiyohiyo, walikuwa wameshaikalia Rutshuru na sasa walisikika Kibumba, karibu kabisa na Goma. Basi jumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha.

Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Volkano ilipolipuka Mei 2021, mji ulikimbia, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wengine njia ya Sake, na watoto wakapotea njiani. Majina yao, picha zao na anwani za waliowaokota, vyote viliwekwa ndani ya mashine moja. Naiita mashine, lakini haikuwa na mwili: ilikuwa kompyuta nzima iliyofungwa ndani ya seva, ambayo fundi anaweza kuitoa na kuihamishia kwenye chuma kingine. Seva ya zamani ilikuwa imechoka kwa majivu na matetemeko. Ikaletwa mpya, yenye mfumo tofauti wa kubeba mashine za namna hiyo, na Damascène akaajiriwa aihamishe.

Jumamosi aliizima, akainakili, akaiwasha upande mpya. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja tu wa kusema haioni pa kuanzia. Akarudi kwenye seva ya zamani, ambako mashine ileile ilikuwa ikifanya kazi asubuhi hiyo hiyo. Huko nako ikakataa.

Mtu mwenye shaka hufurahi akipata sababu, na mimi nilifurahi. Kuharibu mpya ni ajali, nilimwambia papa Aubin, mkubwa wetu; kuharibu na ya zamani ni kazi ya kutumwa. Nikamweleza habari za simu za saa nne na habari za Rutshuru, nikamalizia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Papa Aubin si mtu mbaya, lakini wiki ile kila mtu Goma alikuwa na wa kumshuku. Akampa Damascène hadi Jumatano saa sita mchana. Mashine isipoamka, jina lake liende kwa watu wa usalama. Barua niliichapa mimi, na sikukosea hata herufi moja. Mtu aliyepelekwa kule siku zile, na kwao Rutshuru, hakutoka kesho yake.

Nikahamishia kiti changu kwenye mlango wa chumba cha seva ili nimwone vizuri. Alibadilisha namna mashine inavyoamka, ya kizamani kisha ya kisasa. Wapi. Akabadilisha namna diski inavyounganishwa, akidhani mfumo mpya haujui kuisoma. Skrini ilikuwa nyeusi vilevile. Nikajiambia huyu anaigiza, na anaigiza vizuri.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mama Nyirarukundo wa Mugunga. Binti yake Igiraneza alipotea njia ya Sake usiku ule wa volkano. Tulikuwa tumempata mtoto anayefanana naye, lakini jina la familia inayomlea lilikuwa humo ndani ya mashine. Kila akiniona aliuliza kama imeamka, nami nilimwonyesha Damascène kwa kidevu, ajue wa kumlaani.

Jumatano, saa sita kasorobo, Damascène aligeuka.

“Mama Séraphine,” alisema, “hii mashine haikufa. Diski yake iko nzima, ila imefungwa, na ndani yake hakuna fasi ya kuanzia. Haikuanziaka humu hata siku moja. Ilikuwa inaanzia ku kitu kingine kidogo, chenye kilikuwa kimechomekwa inje ya serveur.”

Nikamwuliza kitu gani hicho, kwa ukali.

“Kwetu tukikimbia, tunatoaka buji ya pikipiki, ile yenye inatoaka cheche, mwizi asiiwashe. Mama yangu iko ku kambi ya Kanyaruchinya. Pikipiki ilibakia Rutshuru, lakini buji iko nayo, amefunga mu kitambaa. Kila asubui ananiambia ku simu: buji ningali nayo. Mama, kuko mutu alitoa buji ya hii mashine.”

Mkono wangu ulishuka wenyewe hadi kwenye pindo la kitenge.

Rémy, fundi wetu wa kwanza, aliporwa kila kitu waasi walipoingia mjini mwaka 2012. Tangu hapo aliifunga mashine, mwizi asiisome, na kuiwekea pa kuanzia kwenye flashi, nyuma ya seva. Kabla ya kuhamia Kampala alinifundisha: ukisikia mlima au risasi, chomoa, ukimbie nayo. Mwaka wa volkano niliichomoa, nikafika nayo Sake, nikairudisha. Na Alhamisi iliyopita, habari za Kibumba zilipofika, niliichomoa tena, nikaishona kwenye pindo. Mashine ilikuwa imeshaamka, ikaendelea na kazi bila kujua. Nami nilidhani ni buji ya kuwashia kile chuma cha zamani tu, na chuma chenyewe kilikuwa bado kinawaka. Chuma kipya kitakuwa na yake.

Nasema ukweli: sikuitoa mara moja. Saa ya ukutani nilikuwa naiona. Nikikaa kimya dakika kumi tu, barua itakwenda na hakuna atakayejua. Nje mama Nyirarukundo alikohoa. Nikauma uzi wa pindo kwa meno, nikaivuta flashi, nikamwekea mkononi.

Aliichomeka. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, na mashine ikaamka. Jina la familia lilikuwepo, na mahali pia: Minova.

Papa Aubin aliingia saa sita kamili, barua mkononi, akauliza kilichokuwa kimeharibika.

“Buji ilikuwa imetoka, papa,” alisema Damascène, macho kwenye skrini. Akaishia hapo.

Angeweza kunitaja. Aibu ikanipanda hadi masikioni.

“Niliitoa mimi,” nikasema. “Na maneno yaliyo kwenye hiyo barua ni yangu.”

Papa Aubin aliikunja barua polepole, akaitia mfukoni, akatoka bila kuniangalia. Nikamwambia Damascène kwamba nilimfikiria vibaya.

“Nilijua, mama,” alisema. “Uliikala ku mulango siku tatu.”

Kesho yake saa nne alichukua simu aende uani. Nikamwambia akae ndani, nje kuna mvua, na amsalimie mama yake.