Zamu ya Juu ya Maporomoko

Siku hiyo naikumbuka kwa jua lake, mjukuu wangu Minza. Lilikuwa jua la mwezi wa tatu, kali kweli, kuku walikuwa wameshajibanza uvunguni mwa ghala tangu saa nne asubuhi. Naanza na jua kwa sababu ndilo lililonidanganya. Na jana nimekusikia kwenye simu ukiwaambia wageni wako waje Jumamosi bila wasiwasi, mvua imekatika. Hebu kaa hapa kwanza, hicho kibao chako cha matangazo utakimalizia kupaka rangi baadaye.

Sikukatazi. Maporomoko yetu ni mazuri na mimi ndiye wa kwanza kusema. Maji yanamwagika kutoka juu ya jabali yanaangukia kidimbwi kilichozungukwa na mawe pande zote, na saa nane mchana, jua likipiga kwenye ule ukungu, upinde wa mvua unakaa karibu kabisa na uso wako. Tena ni ya miezi michache tu, kiangazi kikiingia utakuta mawe matupu na mijusi. Watu wanapita Bariadi mbio kwenda kuwatazama simba Serengeti. Waje na kwetu, wanatupita bure.

Ila wewe umesomea utalii chuoni, na huko chuoni hawakukufundisha zamu ya juu. Njia ya kushukia kidimbwini ni moja tu, ule upenyo kati ya mawe mawili, na mnapita mmoja mmoja. Kwa hiyo tangu zamani wachungaji wa kwetu wakipeleka ng'ombe kunywa pale, mmoja wao hubaki juu ya jabali. Anayapa maporomoko mgongo, macho yake yote kwenye kona ya kijito. Hageuki kutazama chini hata akisikia wenzake wanacheka. Akiona maji yamebadilika rangi anapiga mluzi mmoja, na wote wanatoka, aliyevaa na asiyevaa. Maana mvua inayoua pale hainyeshi pale. Inanyesha mbali huko vilimani, upande wa Mwamapalala, wewe huku una jua la utosini.

Sasa sikiliza. Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda ushirika, upende usipende. Mara wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja anatafuta wakala kijijini, kijana anayejua kusoma na ambaye wanakijiji wanamkubali. Mimi nilikuwa kijana mwenye majivuno, nimemwoa bibi yako Ng'wasi miaka kumi nyuma, na ule uwakala niliutaka mpaka nikawa nauota.

Jumapili moja akaja mnunuzi kutoka Mwanza pamoja na dereva wake. Sisi tulimwita Bosi tu. Alikuwa bado hajaamua kati yangu na kijana mwingine wa jirani. Akasema amesikia kwetu kuna maporomoko, anataka apigwe picha pale aibandike ofisini kwake. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe. Nikamwamuru Ng'wasi atubebee kuku, ugali na maziwa ya mgando. Nasema nilimwamuru, kwa sababu sikumwomba.

Bibi yako unamjua akitembea na fimbo. Wakati ule, mwanangu, hakukuwa na mwanamke aliyemfikia kwa ngoma. Baada ya mavuno, vile vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilipopambana, watu walitoka Zagayu kwa miguu kuja kumwona Ng'wasi akicheza. Mimi mwenyewe nilimpendea uwanjani, sitaki kukuficha.

Njiani tukakutana na guku Luhende, mzee mwenye ng'ombe wengi, anawatoa malishoni. Nikainama kidogo nikamsalimia, "Mwangaluka, guku." Akaitikia, akamtazama Bosi, akamtazama Ng'wasi na vyombo vyake kichwani.

"Nani anakaa juu?" akaniuliza.

"Mimi, guku."

"Mpaka wa mwisho atoke?"

"Mpaka wa mwisho."

Akanionyesha kwa fimbo upande wa vilimani. Kulikuwa na wingu moja, dogo kwa kulitazama, jeusi chini yake. "Lile usilisahau," akasema, kisha akafuata ng'ombe wake.

Nilikaa juu, Mungu ni shahidi. Nilikaa kwa muda mrefu kidogo, nimeyapa maporomoko mgongo kama inavyotakiwa. Nilisikia wanakula, nilisikia Bosi anacheka. Halafu nikasikia sauti yake inapanda kutoka chini.

"Shija, njoo bwana! Wakala wangu atakosaje kwenye picha?"

Alisema wakala wangu. Hayo maneno mawili yalinitoa juu ya jabali, mwanangu. Nilishuka ule upenyo nikiruka mawe kama mbuzi, wala sikugeuka kutazama kijito.

Chini nikakuta Bosi ametupanga. Ng'wasi amesimamishwa kule mbele kabisa, kwenye jiwe lililo chini ya maji yanayoanguka, na kibuyu cha maziwa kichwani, eti picha ipendeze. Bosi amesimama katikati. Mimi nikawekwa pembeni karibu na upenyo, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu. Dereva ndiye mwenye kamera, na kamera inamsumbua, mkanda hauzunguki.

Kitu kikanigusa mguuni. Nikatazama. Lilikuwa bonge la mavi makavu ya ng'ombe, linaelea. Nyuma yake kikaja kishungi cha nyasi, halafu bonge jingine. Mavi makavu hayatembei yenyewe. Yanalala ukingoni huko juu wiki nzima, na yakiingia majini ujue maji yamepanda yakayafuata. Hilo kila mtu aliyechunga ng'ombe kwetu analijua, na mimi nimechunga tangu nina meno ya utoto.

Nilijua. Nikainua uso, Ng'wasi akawa ananitazama. Dereva akasema, "Tayari, bado kidogo, msitikisike." Nikasema moyoni, picha moja tu, halafu nawatoa wote. Nikatabasamu kwa ajili ya kamera.

Ngurumo ya maji ilikuja kabla dereva hajabonyeza. Dereva alikuwa karibu na upenyo akapita, Bosi akapita akiwa amenisukuma, mimi nikashika jiwe. Nilimwita Ng'wasi. Nilimwona anaruka kutoka kwenye jiwe lake kuja kwangu, na maji yakamchukua katikati ya kidimbwi, ya rangi ya udongo, na magogo ndani yake. Yakambamiza kwenye mawe ya upande wa pili, yakambana pale. Kichwa chake kilionekana, kikazama, kikaonekana. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilijaribu kuingia mara mbili yakanitupa nje.

Aliyemtoa ni guku Luhende. Aliliona lile wingu limekuwa kubwa, akawaacha ng'ombe akaja mbio na watu wake wawili wenye kamba. Wakanifunga kiunoni, nikaingia mara ya tatu, nikamfikia. Tulipomlaza juu alikuwa anapumua, lakini goti la kulia lilikuwa limetazama upande ambao goti halitazami.

Watu wakajaa. Guku akauliza mbele yao wote, "Nani alikuwa juu?"

Elewa swali lile lilikuwa na uzito gani. Kwetu aliyeacha zamu ya juu anatengwa. Hapewi moto, hasalimiwi, ng'ombe wake hawanywi na ng'ombe wa wenzake. Na mtu aliyetengwa hawi wakala wa yeyote. Nikainamia fundo la kamba kiunoni, nikajifanya nalifungua.

Ng'wasi akajibu kwa Kisukuma, kutoka pale alipolala, macho yamefumbwa kwa maumivu. "Shija alikuwa juu. Alipiga mluzi. Mimi ndiye niliyechelewa, nilirudi kuchukua kibuyu."

Bosi hakuelewa lugha, na hata angeelewa, nadhani angenyamaza. Guku alinivuta kando. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Mimi nimepita juu ya jabali nikija hapa, hapakuwa na mtu," akaniambia. "Mkeo amekupa kitu, na mimi sitakunyang'anya. Lakini utakirudisha wewe, kwa mdomo wako."

Sikukirudisha. Uwakala niliupata, nikaufanya misimu mitatu, halafu Bosi akaacha kuja. Guku akafa. Mwunga mifupa alihangaika na lile goti miezi mingi, likaunga vibaya. Ngoma za mavuno zilipoanza Ng'wasi alikaa kwenye kigoda, akapiga makofi kwa ajili ya wenzake. Na watoto wetu wote, mama yako akiwemo, wamekua wakiambiwa mama yao alikuwa mkaidi akarudia kibuyu. Nimeisikia ikisimuliwa kwenye harusi, watu wanacheka, na mimi nikacheka nao. Nina aibu, Minza.

Jumapili iliyopita, uliposema unaleta wageni, nilimkuta bibi yako uani anapeta mchele. Nikamwambia kile ambacho hata yeye nilidhani hakijui. Nikasema, "Ng'wasi, siku ile niliyaona mavi ya ng'ombe mguuni pangu. Nilijua maji yanakuja. Nikasubiri picha."

Hakuacha kupeta. "Nilikuona ukitazama miguuni," akasema. "Nikatazama na mimi, nikayaona. Lakini ulikuwa unatabasamu. Nikajua basi si hatari."

Mwanangu, nimeishi na yule mwanamke miaka yote hiyo nikidhani ni goti lake tu nililoliharibu.

Kwa hiyo Jumamosi weka mtu juu ya jabali. Umlipe vizuri kuliko wanaobeba mizigo, na awe mtu asiyetamani kuonekana pichani. Asishuke hata akiitwa na mkuu wa mkoa. Wewe ukiona kitu chochote mguuni pako, sema palepale, usingoje hakika, wacha wakucheke na kukuita mwoga. Wale walio chini hawatatazama maji, watatazama uso wako. Na siku ukikosea, maana utakosea tu, sema siku hiyohiyo, usimwachie mwenzako akubebee. Mama yako nitamwambia leo mimi mwenyewe, na wajomba zako pia.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe wageni wengi na jua zuri, akupe na ujasiri wa kuwaharibia picha. Utakaowashusha uwapandishe wote, na kila mmoja arudi kwao kwa miguu yake mwenyewe.